Ukuta wa Sebuleni

Siku hizi kuta husema kwa sauti za waliokaa ndani. Paa lilipovuja, mama aliingia ubia na jirani yetu, Bwana Mbelwa: yeye aezeke upya, sebule iwe yake. Mkataba ulitaja mlango, dirisha na sakafu. Sauti ya marehemu baba hatukuitaja, tukadhani ni yetu tu.

Kila jioni nasimama koridoni, nyuma ya ukuta wa sebule. Baba anauliza kama zamani, "Mwanangu, umefungia kuku?"

Nilimwomba Bwana Mbelwa aniuzie ukuta ule. Akacheka.

"Binti, bila ukuta sebule iko wapi? Halafu mtoto wangu ameshamzoea baba yako."

Leo baba ameuliza tena. Kabla sijajibu, binti yake Mbelwa akaitika kule ndani, "Abee, baba. Nimewafungia."

Baba akasema neno ambalo hakuwahi kuniambia mimi.

"Ahsante, mwanangu."