Paka Aliyeanguka Chali

Paka wa marehemu mke wangu alikuwa ananing'inia kwa kucha kwenye ukingo wa roshani yangu, ghorofa ya tatu, pale ambapo wenye jengo wamegoma kuweka vyuma.

"Mzee, usihangaike," msimamizi wao aliniambia pale uwanjani, mikono mfukoni. "Paka ana roho saba. Akianguka, anatua kwa miguu."

Wakubwa ndivyo walivyo. Kwao kila kitu kitatua chenyewe.

Nilikuwa nimeteremka mbio na shuka la mke wangu, lile la maua ya njano, ambalo tangu azikwe sijalitandika wala kulifua. Nikalikunjua.

"Shika huko!" nikamwambia jirani yangu, mama fundi cherehani. Tukalivuta likakaza.

Paka akaachia.

Akaja kama furushi, akatua chali katikati ya maua, miguu yote minne juu, tumbo wazi, macho kwa msimamizi.

"Ndiyo miguu yenyewe hiyo?" fundi akamuuliza.

Kicheko kikanipanda kifuani, kikanitoka kwa sauti, nikashindwa kukizuia.

"He! Baba," fundi akasema, ameduwaa, "kumbe una meno!"