Jibu la Mfalme

Wajumbe wa koloni walimtumbulia macho mkalimani, mama aliyekuwa mtu pekee ukumbini aliyeijua lugha ya mfalme. Mwezi uliopita, askari wa mfalme walimnyonga mwana wa kwanza wa mama huyo.

Barua ya mfalme aliyoishika mkononi ilikuwa fupi. Mfalme amekubali yote waliyodai: kodi imefutwa, wafungwa wataachiwa, na anaomba radhi kwa waliouawa.

Radhi! Kana kwamba alimkanyaga mtu mguu sokoni. Kidole gumba cha mama kiliikandamiza lakiri, ile nta ya muhuri wa barua, mpaka ikapasuka.

"Haya mama, anasemaje?" mwenyekiti aliuliza. "Tubaki naye au tujitenge?"

"Anasema tupige magoti, la sivyo atatunyonga mmoja mmoja."

Ukumbi mzima ulisimama ukipiga kelele za vita. Wa kwanza kunyakua bunduki alikuwa mwanawe aliyebaki, na mama hakufungua kinywa.