Balbu ya Mwisho Mtaani

Afisa wa manispaa na fundi wa shirika la umeme walisimama mlangoni kwa Sikudhani, na nyuma yao majirani walijaa uchochoroni. Nyumba zote zilikwisha kurudisha balbu za zamani na kupewa mpya zinazokula umeme kidogo. Ilibaki hii moja. Bila balbu yake kurudi, mtaa usingewekewa taa za njiani.

"Dada, tunajua unayo," alisema afisa. "Dirisha lako lina mwanga wa njano."

"Mpe, shoga!" jirani yake, Bi Tunu, alipaza sauti. "Mwanangu alikabwa gizani hapo kwenye kona. Unangoja tukabwe wote?"

 Sikudhani aliwaonyesha boksi lililokuwa kando ya kitanda. Chini ya balbu, vifaranga walilala wamejikusanya. Mama yao alikuwa amechukuliwa na kicheche.

Fundi alichungulia. "Hii mpya haina joto," alisema polepole.

Mtu mmoja alicheka, kisha naye akachungulia. 

Sikudhani aliishika balbu kwa ncha ya khanga, akaizungusha mpaka ikazimika, akamkabidhi afisa. Ilimuunguza afisa, akawa anaihamisha mkono huu na ule. Fundi akafunga mpya. Mwanga mweupe ukajaa chumbani, na vifaranga wakaanza kulia.

Bi Tunu aliwapita wanaume wale, akapiga magoti kando ya boksi, akalegeza khanga yake kifuani.

"Nipe nusu yao," alisema.

Afisa alikuwa bado mlangoni, na balbu ikipoa mkononi mwake.