Nyaya Mbili za Mota

"Anastasie, ambia bwana yako jua haitungoje."

Marthe alisema hivyo akiwa amempa mkwewe mgongo, kitambaa kimemfunika hadi machoni. Mama mkwe na mume wa binti yake hawasemeshani uso kwa uso. Hata katikati ya ziwa, heshima ni heshima. Kila neno lilipitia kwa Anastasie, aliyelala kati yao ndani ya mtumbwi, uchungu umemshika tangu jana na mtoto hataki kutoka. Daktari alikuwa Nundu, walikokuwa wakienda.

"Ambia mama mi natengeneza," Casimir akajibu.

Walipotoka Baraka, ile mota kuukuu ya kuazima ilikwenda vizuri hadi petroli ilipoisha. Casimir akajaza nyingine. Kabla hajavuta kamba, akaona nyaya mbili zimekatika, zinaning'inia chini ya swichi ya kuzimia mota, ncha zimeota kutu ya kijani ya siku nyingi. Akafurahi kama aliyekamata mwizi. Yeye ni fundi wa malori ya pamba, nyaya anazijua. Akazikwangua, akazisokota pamoja, akavuta kamba.

Kimya.

Tangu hapo alikuwa akizifungua na kuzisokota upya, kila mara akikaza zaidi, hadi vidole vikatoka damu.

"Ambia mama, kwa kamyo ni vile vile. Waya zikikutana muzuri, moto inapita."

"Ambia bwana yako, kamyo ikikufa batu banashuka, banatembea na miguu."

Anastasie akacheka kidogo, halafu akauma kitenge.

Upepo ulikuwa ukiwasukuma upande wa Ubwari, mbali na daktari. Marthe aliminya rozari, akimwombea binti yake. Mama Maria, baba yake ulimchukua, nikanyamaza. Huyu niachie.

"Anastasie, ambia bwana yako akamate kafi, tupige wenyewe."

Akaita tena.

"Anastasie?"

Binti alikuwa akipumua, lakini macho yamegeuka, meupe tu. Hapakuwa tena na wa kupitishia neno.

Marthe akavua kitambaa. Akageuka, akamtazama Casimir usoni kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"We Casimir! Acha hiyo maiti ya mota! Mutoto yangu anakufa. Kamata kafi!"

"Mama, bado kidogo tu, nikaze hii..."

Marthe akamruka binti yake, akazishika zile nyaya kwa mikono miwili, akazing'oa pamoja na swichi yenyewe, akazitupa majini.

Casimir akapiga yowe. "Mama! Umeiua! Umetuua siye bote!"

Marthe alikwisha kushika kafi. Alipiga maji huku analia, anataja watakatifu wote aliowajua.

Casimir akaikamata kamba, akaivuta kwa hasira, amwonyeshe mama mkwe kwamba sasa imekufa kabisa.

Mota ikanguruma.