Ufagio wa Pimbi

Mlimani kwa Pimbi hakukuwa na kisima wala mto. Buibui ndiye aliyefuma utando mlangoni pa Pimbi. Ukungu wa alfajiri ulinasa humo, ukawa matone, yakadondoka kifuuni, na watoto wakanywa.

Lakini Pimbi alipenda usafi kupita kiasi. Aliposikia mama mkwe anakuja, alishika ufagio.

"Jirani, hapo usiguse," Buibui alimsihi. "Ndiyo maji yenu hayo."

"Mkwe apokewe na tandabui? Uso wangu nitauweka wapi?"

Akafagia. Buibui akahama.

Asubuhi mama mkwe alifika, amechoka.

"Mwanangu, mlango unang'aa! Haya, nipe maji ninywe."

Pimbi alikiinamisha kifuu, kikavu. Mlangoni ukungu ulikuwa ukipita, mwingi, wala haukuwa na pa kunasa.