Barafu ya Kundi la Tatu

"Toa barafu kwenye katoni hiyo," meneja aliniambia, macho kwenye orodha yake mpya ya wateja.

Mashamba makubwa ni kundi la kwanza. Chanjo yao ya kuku inasafiri na barafu. Ushirika wa akina mama wenye kuku kumi kumi ni kundi la tatu. Yao iende bila barafu, siku mbili juani. Bei ni ile ile.

"Bosi, itaharibika."

"Nani atajua? Kuku wakifa watasema ni mkosi. Hawa hata kipimajoto hawana."

Akaenda kunywa chai.

Vidole vilikufa ganzi kwa barafu niliyokuwa nimeitoa. Nikairudisha yote katonini. Kisha nikachomoa kipimajoto cha friji yetu, nikakilaza juu ya chupa, nikafunga katoni.