Liwali Fisi kwenye Shimo la Nguchiro

Palikuwa na Fisi, liwali wa msituni. Mnyama akifa, Fisi alisimama mlangoni pa shimo lake na kumwita kwa jina. Asipoitika, shimo lilikuwa la liwali. Ndivyo wanawe walivyopata nyumba, isipokuwa kitindamimba.

Nguchiro alipozikwa, Fisi alifika kwenye shimo lake pamoja na mkewe na kitindamimba.

“Baba watoto, ngoja basi matanga yaishe,” mkewe akasema.

“Matanga hayampi mtoto pa kulala,” Fisi akajibu. Akaita, “Nguchiro!”

“Naam, liwali,” sauti ikaitika kutoka ndani. “Mimi nimeitika. Sasa nakuita wewe. Fisi!”

Fisi akafungua kinywa, lakini hata pumzi haikutoka.

“Baba, itika,” mtoto akamsihi.

Mama akamshika mtoto mkono. “Twende tukafungashe vyombo,” akasema. “Hatuna nyumba tena.”